Jinsi ya kulaza ramani ya zamani ya migodi ya Kakamega juu ya picha ya setilaiti

Kuna kijana hapa Nairobi anataka kununua shamba karibu na Rosterman, mgodi wa zamani wa dhahabu huko Kakamega, na anaogopa kujenga juu ya shimo la mgodi. Ana haki ya kuogopa: watu walimiminika huko kutafuta dhahabu tangu 1931, Rosterman ikafungwa 1952, lakini mashimo yalibaki. Nilimwelekeza hivi.

Hatua ya 1. Nenda Survey of Kenya, Ruaraka, uulizie ramani ya 1:50,000 ya eneo lako, toleo la zamani kadiri utakavyopata.

Hatua ya 2. Iskani kwenye duka linalochapisha michoro ya majengo, wana mashine pana. Picha ya simu hupinda pembeni, achana nayo. Kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi), pikseli moja ni kama mita 4 ardhini.

Hatua ya 3. Ifungue kwenye Georeferencer, sehemu ya QGIS inayofunga picha ya ramani na mahali pake halisi ardhini. QGIS ni programu ya ramani ya bure. Sioni kwa nini mtu alipie leseni kwa kazi hii. Bofya pale mistari ya gridi inapokatana, pembe zote nne na kadhaa katikati, uandike namba zilizo pembezoni mwa ramani.

Sasa polepole. Programu itakuuliza mfumo wa majira, yaani namba za ramani zinapimwa kwa msingi gani. Wengi huchagua WGS 84, mfumo wa GPS, kwa mazoea. Soma kwanza maandishi ya chini ya ramani: ukiona Arc 1960, mfumo wa ramani za zamani za hapa, kwa Kakamega chagua ule wenye namba EPSG:21096, kwa sababu iko kaskazini mwa ikweta. Migori iko kusini, hiyo ni EPSG:21036. Ukiweka WGS 84 badala ya Arc 1960, kila kitu kinasogea karibu mita 300 kuelekea kaskazini, yaani milimita 6 kwenye karatasi, na jedwali la makosa halitasema lolote, kwa kuwa nukta zako zinapatana zenyewe kwa zenyewe. Shimo linahamia shamba la jirani huku wewe ukishangilia.

Programu ikiuliza njia ya kunyoosha picha, tumia Polynomial 1. Ile ya Thin Plate Spline siipendi hata kidogo: hulazimisha kila nukta ikae, hata ile uliyoandika vibaya.

Hatua ya 4. Fifisha ramani hadi picha ya setilaiti ionekane chini yake, ulinganishe makutano ya mito. Mto ukipishana kidogo ni kawaida, mito huhama. Vilima vikipishana, rudi kwenye mfumo wa majira.

Na ramani hii haionyeshi vishimo vya wachimbaji wadogo. Waulize wazee wa hapo kabla ya kulipa.