Mkoba wa mtumba: kagua hivi kabla hujalipa
Mkoba huanza kufa pale mshikio unapoungana na mwili wake. Kwa hiyo ukiokota mmoja kwenye rundo la soko la Karume, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, rangi na nembo zisubiri. Shika mshikio mkono huu, mwili wa mkoba mkono ule, kisha vuta. Matundu ya mshono yakipanuka, uzi umeshachoka. Mshikio ulioshonwa mraba wenye msalaba katikati hudumu kuliko ulioshikiliwa na mstari mmoja. Tazama na pete za chuma: zenye mwanya pale ncha zinapokutana hujifungua zikielemewa, ingawa fundi viatu huzibadilisha bila shida.

Ngozi ichunguze kwenye ukingo uliokatwa, ndani ya mfuko mdogo au chini ya mkanda. Halisi ina nyuzinyuzi. Bandia huonyesha kitambaa kilichofunikwa utando wa plastiki. Bandia si dhambi, tena husafishika upesi. Tatizo ni ile ya poliyurethani, aina ya plastiki: joto na unyevu huivunja taratibu hata mkoba ukiwa umelala kabatini, na ndiyo maana unaoonekana mpya kabisa huweza kumenyuka baada ya wiki chache. Kunja kona, bonyeza. Ikinata vidoleni au ikitoa vipande kama magamba, rudisha. Hakuna gundi wala rangi ya kuiponya. Ukiona inang'aa kupita kiasi, ifute kwanza kwa tishu, maana kiwi huficha mengi.

Zipu ifunge na kuifungua mara kadhaa. Ikiachia nyuma ya kichwa, kichwa kimelegea: kibane kidogo kwa koleo pande zote mbili, polepole, kwani ukizidisha kitapasuka. Ikiwa nzito, ipake nta ya mshumaa. Meno yaking'oka ni kubadilisha zipu nzima, na hapo gharama huweza kushinda bei ya mkoba wenyewe.

Geuza bitana, kile kitambaa cha ndani, nje, unuse. Harufu ya ukungu huondolewa kwa siki na maji, kiasi sawa, kwa kitambaa kilichokamuliwa. Anika kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali hukausha ngozi na kuipasua.

Baada ya hapo ndipo ujiulize unakwenda nao wapi. Karatasi ya A4 ni sm 21 kwa 29.7, hivyo mkoba wa kazini uwe na upana wa sm 33 hivi ndani, faili lisikunjike pembe. Wa daladala uwe na mkanda wa kuvuka kifua, sm 110 hadi 130, ukae mbele ya tumbo. Tena ufungwe kwa zipu, si sumaku, maana sumaku hufunguliwa kwa kidole kimoja. Pochi ya harusini ipime kwa simu yako palepale. Simu kubwa ina urefu wa sm 16 hivi, na pochi nyingi nzuri haziimezi.