Somo: Kipe kifaa kona kabla hujaingia handakini

Wakuu, wengi wakifunga kifaa chenye GPS na vihisi vya mwendo (vinavyopima gari linavyoongeza kasi na kugeuka) huliacha gari limesimama nusu saa "kitulie". Wakiingia kwenye handaki, ambako GPS haishiki, alama kwenye ramani inatoka nje ya barabara. Kifaa si kibovu, kimenyimwa mwendo tu.

Hatua ya 1. Pima kwa futi kamba umbali kutoka kihisi hadi antena: mbele, kando na juu. Usikisie. Gari likigeuka nyuzi 30 kwa sekunde na antena ikiwa mita 1.5 kutoka kwenye kihisi, kasi zao zinapishana karibu mita 0.8 kwa sekunde.

Hatua ya 2. Washa, simama dakika moja au mbili. Jairoskopu, yaani kihisi cha mzunguko, ikisoma mzunguko wakati gari halijasogea hata kidogo, hilo ni kosa lake la kuzaliwa, linaondolewa.

Hatua ya 3. Nenda uwanja wa wazi. Ongeza kasi, kanyaga breki, endesha ukichora umbo la nane. Somo lenyewe liko hapa. GPS inajua kasi imebadilika kuelekea upande gani wa dunia. Kihisi kinajua imebadilika upande gani wa gari. Ukilinganisha hayo mawili unapata pua ya gari imeelekea wapi. Kasi isipobadilika, hakuna cha kulinganisha. Tena, gari likisimama, kihisi kilichoinama kidogo na kihisi chenye kosa husoma sawasawa. Ukigeuza gari ndipo vinaachana.

Hatua ya 4. Sasa ingia handakini. Kosa la mlalo (kifaa kukosea kimeinama kiasi gani) la nyuzi 0.1 tu, likibaki bila kusahihishwa, hukupeleka mita 30 pembeni ndani ya sekunde 60.

MASWALI

– Mkuu, mimi naenda barabara iliyonyooka na mwelekeo uko sawa. Imekuwaje?
Gari haliendi kiubavu, kwa hiyo programu huchukua uelekeo wa mwendo kutoka GPS kuwa ndio wa pua. Kwenye boti inayosukumwa na mkondo, ujanja huo unakwama.

– Na mtetemo wa barabara mbovu je, nao si mwendo?
Huo ni kelele tu. Funga kihisi kwenye bodi imara, si kwenye plastiki ya dashibodi.

– Nane moja inatosha kutwa?
Hapana mkuu. Joto likibadilika, kosa nalo linahama. Ukiwa na kona za kawaida njiani huhitaji nane nyingine. Ukitoka barabara ndefu iliyonyooka, tafuta mzunguko mmoja kabla ya handaki.