Jinsi ya kuizunguka Alexandria kwa siku moja

Ukitokea Cairo panda treni ya asubuhi pale Ramses, na ukiona watu wanashuka Sidi Gaber usibabaike, we tulia mpaka Misr, kituo cha mwisho.

Anzia Kom el-Shoqafa, makaburi ya chini ya ardhi yaliyogunduliwa 1900, wanasema punda ndo alitumbukia shimoni watu wakashtuka kumbe kuna mji wa wafu huko chini. Shuka zile ngazi za mzunguko polepole, alafu mlangoni mwa kaburi kubwa mtafute Anubis, mungu wa wafu wa Misri ya kale, kichwa cha mbweha ila kavaa gwanda za askari wa Kirumi, yani Misri na Roma kwenye jiwe moja. Mi hapo ningekaa saa nzima.

Nguzo ya Pompey iko jirani, ipitie tu (na wala si ya Pompey, yule jenerali wa Kirumi, ni ya kaizari Diocletian).

Mchana nenda ngome ya Qaitbay, ilijengwa miaka ya 1470 palepale uliposimama ule mnara wa taa wa kale, kisha tembea Corniche, ile barabara ya kando ya bahari, bahari ikiwa kushoto kwako hadi maktaba mpya ya 2002, uguse ukuta wa graniti uliochongwa herufi za kila aina.