Jinsi ya Kuamua Wakati wa Kupanda Pale Mvua Isipotabirika

Ukitegemea mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba, huna budi kuamua kabla hujajua: ukipanda kwa mvua ya kwanza, huenda ikakatika mbegu ikafia ardhini, ukisubiri, huenda msimu ukaisha mahindi hayajakomaa. Kinachokuongoza ni ulichojifunza misimu iliyopita, na kujifunza huko kuna mitego yake.

Mwaka 2004 mwanasaikolojia Ralph Hertwig na wenzake walionyesha kwamba anayeijua hatari kwa kuonja matokeo mwenyewe hulipuuza tukio la nadra, ilhali anayeelezwa uwezekano wake kwa tarakimu hulikuza kupita kiasi. Kama umelima misimu michache tu, waulize wazee kuhusu mafuriko ya El Nino, yaani joto lisilo la kawaida la Bahari ya Pasifiki, ya 1997 na 1998. Nao walioyaona wakumbuke kwamba El Nino ya 2015, ingawa ilikuwa kali baharini, haikuleta maafa ya kiwango kile Afrika Mashariki.

Anza na daftari. Kabla ya kupanda, andika tarehe ya mvua ya kwanza, utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ulivyosema kuhusu kanda yako, na wewe mwenyewe unatarajia nini. Chimba kina cha jembe, ufinyange udongo wa chini. Usiposhikamana, unyevu haujatosha, na hilo nalo liandike. Yaandikwe kabla ya msimu, kwani baada ya mavuno kila mtu hudai alijua. Ukifika wakati wa kujipima, usihesabu magunia peke yake: aliyepanda kwenye udongo mkavu akaokolewa na mvua ya ghafla amebahatika, na mwakani bahati hiyo inaweza kumponza.

Mtego mgumu zaidi ni wa aliyeumwa na nyoka, ambaye akiona unyasi hushtuka. Ukiiacha kabisa mbegu ya muda mfupi, inayokomaa mapema, kwa sababu iliwahi kuoza katika msimu wa mvua nyingi, hutapata tena ushahidi wa kukusahihisha. Itengee pembe ndogo ya shamba kila msimu, kiasi ambacho hasara yake haitaifikia chakula cha nyumbani, uipande siku moja na ile unayoiamini, kwa mbolea ileile. Ukibadilisha mbegu na tarehe kwa pamoja, hutajua kipi kimeleta tofauti.