Kusoma moyo wa binadamu kwa moyo wa mbuzi

Mchoro wa kitabuni hauonyeshi unene. Moyo wa mbuzi una vyumba vinne kama wa mtu, na kwenye bucha za Ngamiani, Tanga, uwahi asubuhi. Mwombe muuzaji asiupasue wala asikate mishipa ya juu. Akishaupasua kutoa damu iliyoganda, vali, yaani milango inayozuia damu kurudi nyuma, zimeharibika na umenunua kitoweo tu.

Uoshe, uulaze kwenye sinia ncha ikuelekee, mfereji wa mafuta unaoteremka mshazari ukiwa juu. Bonyeza pande zote mbili. Upande mgumu ndio wa kushoto, ingawa uko mkono wako wa kulia: kushoto ni kwa mwenye moyo, si kwa anayetazama. Hapa ndipo wengi hupotea.

Kabla ya kisu, mimina maji kwenye aorta, ule mshipa wenye ukuta mnene, mweupe, ambao mdomo wake haulali. Yakisimama, vali imefunga. Yakizama mara moja, imechanika.

Sasa pasua ventrikali, yaani chumba cha chini, ya kushoto kuanzia ncha kwenda juu, kisha ya kulia. Ukuta wa kushoto ni mnene karibu mara 3, kwa kuwa husukuma damu mwili mzima. Wa kulia huifikisha mapafuni tu. Ndani mna nyuzi nyeupe, nyembamba kama za kushonea, zinazozuia vali isipinduke. Vuta mmoja kwa kibano, uone ulivyo imara.

Chora papo hapo, kitabu kikiwa kimefungwa. Joto la Tanga halisubiri: ukichelewa, nyama inaanza kunuka. Kisu na mikono, sabuni.