Jinsi ya kuandaa daftari la vihatarishi linalofanya kazi

Mashirika mengi yana daftari la vihatarishi, yaani orodha ya mambo yanayoweza kukwamisha malengo yao, ila hujazwa mkaguzi anapokaribia kisha hurudishwa kabatini. Fuata hatua hizi ili lako liongoze maamuzi.

Hatua ya 1: Anza na malengo

Kiwango cha kimataifa cha ISO 31000, kilichotolewa 2009 na kuhuishwa 2018, kinaeleza kihatarishi kuwa ni athari ambayo kutokuwa na uhakika huleta kwa malengo. Kwa hiyo weka malengo ya mwaka mezani, na kwa kila lengo uliza: nini kinaweza kutukwamisha? Usiwaulize mameneja peke yao. Mtunza stoo, keshia na dereva wanayaona mambo ambayo hayafiki kwenye ripoti.

Hatua ya 2: Andika sentensi kamili

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mtu anaandika "fedha" au "mfumo wa kompyuta" na kuhamia mstari unaofuata. Hicho si kihatarishi, ni kichwa cha habari. Sentensi iwe na sababu, tukio na matokeo. Kwa mfano:

"Kwa kuwa malighafi yetu kuu tunainunua kwa msambazaji mmoja bila mkataba wa maandishi, anaweza kusitisha kutuuzia ghafla, uzalishaji ukasimama na tukashindwa kutimiza oda za wateja."

Sasa kazi imejionyesha yenyewe. Sababu inakutuma kutafuta msambazaji wa pili na kuandika mkataba. Matokeo yanakutuma kuweka akiba ya malighafi. Na kama tayari amesitisha, hilo ni tatizo la kushughulikiwa leo, si la kuandikwa daftarini.

Hatua ya 3: Pima

Toa alama 1 hadi 5 za uwezekano wa kutokea, na 1 hadi 5 za athari, kisha zidisha. Kwanza kubalianeni 5 ina maana gani: hasara ya kiasi gani, au kazi kusimama siku ngapi. Msipofanya hivyo kila mtu atapima kwa hofu yake. Halafu msizame kwenye jumla. Wizi mdogo wa kila wiki (5 × 1) na moto wa ghala (1 × 5) vyote vinatoa 5, lakini ni mmoja tu unaoweza kufunga biashara.

Hatua ya 4: Chagua la kufanya

Njia ni nne: kuepuka, kupunguza, kuhamisha (kwa mfano kwa kukata bima) au kukubali. Bima hulipa hasara, lakini mteja aliyekwenda kwa mshindani haimrudishi. Ukikubali kihatarishi, aandike na kusaini mwenye mamlaka, ili isije kuonekana kilisahaulika.

Hatua ya 5: Weka mmiliki na tarehe

Kila hatua ya udhibiti iwe na jina la mtu mmoja. "Idara ya fedha" si mtu. Benki ya Barings ya Uingereza ilianguka Februari 1995 kwa hasara ya zaidi ya pauni milioni 800, iliyotokana na Nick Leeson wa ofisi ya Singapore, aliyekuwa akifanya biashara sokoni na wakati huohuo kusimamia wanaohakiki biashara hiyo. Wakaguzi wa ndani walikuwa wameshauri mwaka 1994 majukumu hayo yatenganishwe. Ushauri ulikuwepo, utekelezaji haukufanyika.

Hatua ya 6: Fuatilia dalili

Kila mwezi, pitieni vihatarishi vya juu kwenye kikao cha menejimenti, na kila kimoja kiwe na kipimo kinachotangulia tukio. Kwa yule msambazaji, hesabu siku anazochelewesha mzigo. Akichelewa siku mbili, safari inayofuata nne, usingoje robo mwaka iishe. Mmiliki wa kihatarishi aanze kuagiza kwa msambazaji wa pili wiki hiyohiyo, hata kama bei yake iko juu kidogo.