Panda maharage hivi, vidukari wapungue kabla hujashika bomba

Huku Arumeru, mkoani Arusha, vidukari weusi (wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mche) wakishaganda kwenye maharage kila mtu anatafuta bomba la kupulizia. Mara nyingi tunakuwa tumechelewa. Namna ulivyopanda ndiyo iliyowakaribisha au kuwapunguza.

Hatua ya 1: Mbegu. Usitunze mbegu kutoka kwenye mche wenye majani ya batobato, yaani yenye mabaka. Virusi vyake hupita kwenye mbegu, kisha vidukari huvisambaza shamba zima. Kidukari huviambukiza kwa kufyonza kidogo tu, hata kabla dawa haijamuua.

Hatua ya 2: Wakati. Masika yetu ni Machi hadi Mei. Panda mvua ikishashika, na shamba lote ulimalize ndani ya siku chache. Ukichelewa, maharage yanatoa maua mvua zikikatika. Mvua kubwa huwaosha vidukari. Jua likiwaka huzaliana upesi mno.

Hatua ya 3: Nafasi. Hapa ndipo tunapopoteza mavuno mengi. Funga kamba, mstari hadi mstari sentimita 50, shimo hadi shimo sentimita 20, mbegu mbili kila shimo. Hiyo ni miche 20 kwa mita moja ya mraba, karibu 80,000 kwa ekari. Kwa mbegu kubwa kama Lyamungo 90, andaa kilo 30 hadi 40 kwa ekari.

Watu hupunguza mbegu kwa kuwa ni ghali, nami naelewa. Lakini kidukari mwenye mabawa huvutwa na mche wa kijani uliosimama peke yake kwenye udongo mtupu. Majani yakifunika ardhi mapema, hatui kwa urahisi. Kwa hiyo pitia mistari mara miche inapochomoza, urudishie mapengo siku hiyohiyo. Usizidishe pia: yakibanana sana hewa haipiti, na ugonjwa wa kutu ya majani unaingia.

Hatua ya 4: Mahindi. Mstari wa maharage katikati ya mistari ya mahindi hupunguza vidukari. Kivuli kitakula sehemu ya mavuno ya maharage, ila kwa mwenye eneo dogo naona inalipa, kwani unavuna vyote viwili.

Hatua ya 5: Mbolea. Samadi iliyooza vizuri yatosha. Yurea nyingi hulainisha majani, na vidukari hupenda jani laini.

Hatua ya 6: Kagua. Kila wiki geuza majani machanga na utazame ncha za mche. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina, tafuta vidukari hapohapo, maana sisimizi hufuata utomvu wao mtamu na huwalinda. Wakiwa kwenye miche michache, kata ncha hizo, uzitie ndoo ya maji ya sabuni. Vile vidudu vyekundu vyenye madoa meusi mgongoni waache, wanakula vidukari. Vidukari wakisambaa, pulizia maji ya sabuni au mwarobaini jioni, ukilenga chini ya majani, nyuki wakiwa wamesharudi mzingani.